Kiti cha Kushoto

Ofisini, 12 Januari

Mwanangu Utingo,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nimeipokea mapema ili tusipoteze karatasi.

Nina siri na nina kazi, na zote mbili ni zako. Siri ni kwamba nabadilisha magari. Yale matatu ya safari ndefu yamechoka. Fundi anasema la baba yako sasa linatembea kwa dua na waya. Miaka yote nimenunua yaliyotumika, na kila nililonunua lilikuja na ugonjwa wa mwenyewe wa kwanza. Safari hii nataka mapya, ya daraja la juu kabisa, yale ambayo dereva akishuka baada ya kuvuta tela nchi nzima bado anakumbuka jina lake.

Wauzaji ni wawili. Mmoja ana gari jeupe, mwingine ana gari la bluu, na kila mmoja anaapa kwamba la mwenzake ni bati. Wameniletea vitabu vya maelezo vinene kama matofali, herufi zake kama sisimizi. Nimesoma kurasa chache nikalala juu ya meza. Wewe unasoma hata karatasi iliyofungia sabuni. Nimevituma pamoja na barua hii. Vile vya njano ni vya gari jeupe, usiniulize kwa nini. Visome, uniambie ungenunua lipi na sababu yake.

Baba yako asijue. Yeye ndiye atakayelijaribu gari nitakalolileta, na unajua madereva wangu: baba yako, Kimya wao, akitikisa kichwa, wote wanatikisa. Wakisikia mkurugenzi amechaguliwa magari na mtoto wa kidato cha pili, nitahama mji.

Najua bado una kinyongo kuhusu kile kiti cha kushoto garini mwa baba yako. Likizo zote ulikuwa msaidizi wake, ndiyo maana akakuita Utingo, na jina likakuganda hadi kwangu. Lakini watu wa bima walisema hakuna abiria, na aliyepaswa kukushusha ni mimi. Hata mimi sikuipenda siku ile.

Kula vizuri. Ukikonda, mama yako ataniuliza mimi.

Shangazi yako


Njiani, 21 Januari

Utingo wangu,

Mimi mzima. Gari nusu.

Mvua imenyesha huku na barabara imekatika kidogo, tukalala foleni. Sikulala vizuri lakini hilo si jipya. Mama yako amekutumia sweta. Anasema uivae, usiitunze.

Yule mbuzi wa mzani bado yuko, na sasa ana mwenzake, kama nilivyokuambia kwamba atampata. Karani wa mzani amesalimu amri.

Soma kwa bidii lakini macho yako yapumzishe. Usiogope kunyoosha mkono darasani. Mimi niliogopa mpaka nikamaliza shule, na mwalimu wa hesabu alidhani mimi ni mgeni.

Baba


Shuleni, 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, kwa sababu ile ya kwanza uliichukua mwenyewe.

Nimevisoma vitabu vyote, na vile vya njano nimevisoma mara mbili. Nilivisomea maktaba. Rafiki yangu wa kitanda cha juu aliniuliza kama nataka kuwa dereva wa lori. Nilisema hapana, kisha nikaona nimejibu kwa ukali, nikamwomba msamaha.

Gari la bluu ni gari la heshima. Linakunywa mafuta kidogo, na nadhani fundi atalipenda kwa sababu vipuri vyake vinafanana na vya lile la zamani. Lakini kitanda chake ni kifupi. Wameandika urefu wake mwishoni kabisa, kana kwamba wanaona haya. Unakumbuka Baba anavyolala garini? Kichwa mlangoni, miguu juu ya dashibodi, kama mwavuli uliosahauliwa. Asubuhi hushuka akitembea kwa vipande. Kitanda cha gari jeupe ni kirefu. Nilimlaza msichana mrefu kuliko wote bwenini sakafuni, nikampima kwa kamba, kisha nikaongeza kichwa kimoja, maana Baba anamzidi kichwa kimoja. Anatosha, na nafasi ya mto inabaki. (Msichana yule hakuuliza kwa nini. Ni mpole sana.)

Pia kwenye miteremko mirefu injini yenyewe husaidia kushika breki, kwa hiyo breki za magurudumu hazipati moto. Nimechora alama ukurasa huo.

Lakini jambo lililonifanya nikirudie kitabu ni hili. Juu ya usukani kuna kamera ndogo inayomwangalia dereva. Kope zake zikianza kushuka, gari linapiga kengele. Shangazi, hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipokaa kiti cha kushoto, nilikuwa namwangalia Baba asisinzie, na akianza kupepesa macho namwuliza swali. Tangu niliposhuka hakuna anayemwangalia. Mimi ningenunua gari jeupe.

Nina jambo jingine, sijui nimwambie nani. Nadhani barua zangu zinapotea. Baba hutaja mambo kana kwamba aliniandikia kabla, na mimi sikuyapata. Mwezi huu ni mbuzi. Kabla yake alitaja mwanamke aliyepaka rangi lori lake maua, na ‘ule ubishi wa madereva wawili niliokueleza’. Nina wasiwasi na matroni, kwa sababu ndiye anayegawa barua na huwa anacheka peke yake. Sijamwambia Baba. Akijua barua zake zinapotea atasikitika, na atajilaumu kwa kutozibandika vizuri.

Wako mtiifu,
Utingo


Shuleni, 3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sweta nimeivaa. Inafika magotini, lakini Mama amesema niivae.

Nimefurahi kwamba mbuzi wa mzani hajambo na amepata mwenzake. Ulisema kweli kwamba atampata.

Sijanyoosha mkono bado. Wiki ijayo mwalimu anataka kila mtu asimame mbele na kusoma insha yake kwa sauti. Nimeomba nisome nikiwa nimekaa. Amesema atafikiria, lakini alivyosema nilijua hatafikiria.

Lala vizuri ikiwezekana.

Utingo wako


Ofisini, 24 Februari

Mwanangu,

Gari jeupe limefika. Muuzaji ametupa tulijaribu kabla ya kutia sahihi.

Ungeona uwanja ulivyokuwa. Madereva walilizunguka kama mashemeji wanaokagua bwana harusi. Fundi akalala chini yake, akatoka, akasema, ‘Chini ni safi kuliko kwangu mezani.’ Yule dereva tunayemwita Redio akapanda, akabonyeza kila kitu, kiti kikampandisha mpaka kichwa kikagusa dari, akashindwa kukishusha. Akawa anatoa amri kutoka juu huko: ‘Wananchi, sikilizeni!’ Tulimwacha kidogo.

Kisha akapanda baba yako. Hakugusa kitu. Akatazama kitanda, akavua viatu, akalala, akanyoosha miguu. Tukangoja. Tukangoja. Fundi akachungulia, akashuka kwa kunyata: ‘Amelala kweli.’ Mkurugenzi wa kampuni nzima nikasimama kwenye jua namsubiri mdogo wangu amalize usingizi, na sikuwa na moyo wa kumwamsha. Kamba yako ilipima vizuri.

Alipoamka muuzaji akamwonyesha ile kamera, akamwambia picha zake zinakuja ofisini kwangu, bila sauti, picha tu. Redio akadakia: ‘Kimya, umepata wa kukutazama. Uwe unachana nywele.’ Watu wakacheka. Baba yako hakucheka. Akauliza, ‘Inatazama muda wote?’ Muuzaji akasema muda wote. Baba yako akasema ‘aha’, na unajua kwake ‘aha’ ni hotuba.

Ameondoka nalo leo. Akilikubali, nachukua matatu, na la kwanza ni lake.

Kuhusu barua, sidhani kama matroni ana shida na mbuzi. Lakini nitaulizia.

Shangazi yako


Njiani, 10 Machi

Utingo wangu,

Dada amenipa gari jipya nilijaribu. Jeupe. Kitanda kama cha nyumbani. Kwenye ule mteremko wa kona nyingi nilishuka kama mtu anayeshuka ngazi za kanisa, taratibu, bila harufu ya breki. Ni gari zuri kuliko yote niliyowahi kushika.

Lakini silitaki. Nitamwambia Dada achukue la bluu.

Usiniulize sana. Kuna jicho humo ndani. Aliyelichagua gari hili hajawahi kuwa peke yake njiani.

Wale pacha wa fundi tairi niliokuambia wameanza kutambaa. Mmoja anaenda mbele, mwingine anarudi nyuma, mama yao hajui amkimbilie yupi.

Vipi ile insha?

Baba


Shuleni, 17 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba ameniandikia kwamba hataki gari jeupe kwa sababu ya jicho. Amesema aliyelichagua hajawahi kuwa peke yake njiani. Hajui kwamba ni mimi. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikatoka kwenye foleni.

Nilidhani jicho litamlinda. Kuna nini kimetokea? Anaumwa, na hataki ionekane? Tafadhali niambie hata kama ni baya. Mimi nikifichwa jambo huwa nalitunga mwenyewe, na ninalolitunga huwa baya zaidi.

Pia kuna pacha wa fundi tairi ambao inasemekana nimeambiwa habari zao. Sijaambiwa. Barua nyingine imepotea.

Insha niliisoma nikiwa nimesimama, lakini kwa sauti ambayo ni dawati la mbele tu lililosikia.

Utingo


Ofisini, 23 Machi

Mwanangu,

Nilitaka nisikujibu hili, lakini umesema unatunga mabaya zaidi, nami nakuamini.

Baba yako haumwi. Ni hivi. Lile gari linanitumia taarifa baada ya kila safari. Kope zake hazikushuka hata mara moja, njia nzima. Lakini taarifa imeandika: dereva anaongea. Anaongea akitoka uwanjani, anaongea mlimani, anaongea kwenye tambarare ambako hata kunguru hakuna. Nikazifungua picha, nikaona kwa macho yangu. Mdomo unakwenda. Anacheka. Anauliza kitu, ananyamaza, anaitikia kwa kichwa, anaendelea. Kimya, mtu ambaye harusini kwake mshenga alimsemea.

Unajua sheria yangu. Kuongea na simu huku unaendesha, hata kwa kile kidude cha sikioni, unashuka kwenye gari. Nilimfukuza dereva mzuri kwa hilo, na wote wanakumbuka. Siwezi kuwa na sheria ya watu na sheria ya ndugu.

Nilimwita. Nikamwuliza anaongea na nani. Akasema, ‘Sina simu masikioni, Dada.’ Nikamwambia, basi unaongea na nani? Akatazama viatu vyake. Nikamwambia mimi ni dada yako, niambie. Akasema, ‘Chukua la bluu, Dada.’ Hilo tu.

Anaongea na nani, hilo ni la watu wazima, wewe usilishughulikie. Nimempa safari moja tu. Mdomo ukinyamaza, yameisha. Ukiendelea, namwondoa safari ndefu anabaki uwanjani kupanga matela, na moyo wangu utakuwa umepasuka, lakini nitafanya hivyo. Mama yako sijamwambia lolote, na wewe usimwambie.

Mwandikie baba yako kama kawaida.

Shangazi yako


Njiani, 2 Aprili

Utingo wangu,

Nimefika salama.

Safari hii gari limenipigia kengele. Mara ya kwanza sikujua ni nini, nikadhani ni mlango. Kumbe macho yalikuwa yanafunga. Halafu tena, baada ya mzani. Nikasimama pembeni, nikanawa uso, nikatembea kulizunguka gari kama mlinzi. Tangu nianze kazi hii haijanitokea. Usimwambie mama yako.

Barua ni fupi kwa kuwa sina la kukusimulia. Nadhani sikuona kitu. Ni ajabu, barabara ni ile ile.

Baba


Shuleni, 8 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, mwandiko unisamehe.

Baba ameniandikia barua ambayo haina kitu ndani. Hakuna mbuzi, hakuna pacha, hakuna mtu aliyebishana. Amesema hakuona kitu, na barabara ni ile ile. Amesema pia kengele ilimlilia, na haijawahi kumtokea. Nadhani hiyo taarifa umeshaipata. Ile ndiyo safari uliyomwambia anyamaze.

Nilikaa nayo maktaba mpaka wakanizimia taa. Nilitoa barua zake zote, nikazipanga. Shangazi, hakuna barua iliyopotea. Matroni hana hatia, na kesho nitamsalimia vizuri, ingawa hatajua kwa nini. Baba alikuwa ananiambia kweli mambo yale. Mbuzi aliniambia. Pacha aliniambia. Tatizo ni kwamba mimi sikuwepo.

Nilipokuwa Utingo wa kweli, nyumbani Baba alikuwa akisema ‘chumvi’ na ‘asante’, lakini garini alikuwa haachi kuongea. Nilidhani kila mtu anajua. Alikuwa akinionyesha kila kitu kilicho upande wangu: ‘Tazama kile kibanda, mwenyewe ameweka mlango lakini hajaweka ukuta.’ Akichoka, mimi namwuliza swali, naye anaamka kwa kunijibu. Tulifika hivyo kila mara.

Naomba ufanye jambo moja. Fungua zile picha za safari ya kwanza, sehemu ya mzani. Mtazame anaangalia wapi. Mtu anayeongea na simu hutazama mbele. Angalia kama anageuka kushoto.

Kama anageuka kushoto, basi Shangazi, nadhani ni mimi.

Na kama ni mimi, tafadhali usimwondoe. Pia usimwambie kwamba unajua. Ataona haya mpaka aache kazi mwenyewe. Namjua, kwa sababu mimi ningeacha.

Utingo


Ofisini, 15 Aprili

Mwanangu,

Anageuka kushoto.

Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyohitajika kazini. Gari linapunguza mwendo kwenye mzani. Anainua kidole kutoka kwenye usukani, anaonyesha juu ya paa la kibanda cha karani, upande wa kile kiti. Anacheka hadi mabega yanatikisika. Kisha anauliza kitu, anatulia, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Halafu anatikisa kichwa, kana kwamba umejibu vizuri. Kiti hakina mtu. Kuna ile sweta yako ya zamani tu, ya rangi ya kijani, ameifunga mkanda wa kiti.

Nilifunga mlango wa ofisi. Fundi akagonga, nikamwambia nina mafua.

Sasa acha nikuambie nilichokuwa nimefikiria, maana umekua, na nastahili kuchekwa. Nilidhani ana mwanamke. Mtu anatabasamu vile barabarani, nani angedhani anamwambia mwanawe habari za mbuzi? Nilikuwa nimeshamchukia mwanamke huyo. Nilikuwa nimeshampa na sura.

Nikamwita mama yako, nikamwonyesha. Akatazama hadi mwisho. Kisha akasema, ‘Wifi, miaka yote hii nampikia mtu wa maneno mawili, kumbe mengine anayaacha garini.’ Akacheka, kisha akafuta macho kwa kanga, kisha akaniomba nimwonyeshe tena pale anapocheka. Amesema safari ijayo atamwuliza habari za mbuzi, taratibu, kama mtu anayepita tu.

Kuhusu kazi. Nimemwita muuzaji. Nikamwuliza kama kamera inaweza kutazama kope tu na kuacha midomo ya watu. Akasema inawezekana, ni kubadilisha mpangilio. Nikamwuliza kama picha zinaweza kubaki humo humo garini, nisiletewe mpaka itokee ajali. Akasema inawezekana. Nikamwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema sikuuliza. Nikatia sahihi, magari matatu, meupe. Sitii chumvi: lile la bluu nilikuwa nimeshaipenda bei yake. Lakini dereva akisinzia mlimani ukampoteza, humnunui tena kwa bei yoyote.

Baba yako nilimwambia hivi, nikiwa nimeshika karatasi nyingine ili nisimtazame: ‘Lile jicho sasa linatazama kope tu. Hakuna picha inayokuja kwangu. Mikono ikiwa kwenye usukani, mdomo ni wako.’

Akatazama karatasi niliyoshika. Kisha akauliza, ‘Kuongea na nani, Dada?’

Nikamwambia, ‘Na gari. Magari mapya yanataka kuzoeshwa.’

Akafikiri. ‘Sawa, Dada.’

Alipofika mlangoni akageuka, akasema, ‘Ni gari zuri.’ Maneno matatu bila kuulizwa. Nimeyaandika hapa kwa sababu hutaamini.

Sheria ya abiria sibadilishi, bima ni bima. Lakini likizo ikifika, kabla hajaondoka uwanjani, utapanda kile kiti, mtakaa humo muda mnaotaka, injini imezimwa. Mimi nitakuwa na mafua tena.

Shangazi yako


Njiani, 27 Aprili

Utingo wangu,

Gari jeupe tumelichukua. Dada amenunua matatu. Redio amepata la pili na bado hajui kushusha kiti.

Nalala nimenyooka. Asubuhi nashuka kama kijana, mpaka karani wa mzani akaniuliza kama nimeoa tena.

Mama yako ameanza kuuliza habari za njiani. Juzi ameniuliza kuhusu mbuzi. Sikujua kwamba anamjua. Nikamweleza, tukakaa mezani mpaka chai ikapoa.

Kengele haijalia tena. Dada amesema niongee na gari. Watu wa ofisini wana mambo.

Kuhusu huyo mbuzi, nimekuwa nikiwaza, sina hakika kama niliwahi kukuandikia mwanzo wake. Nilikuwa nina hakika, sasa sina. Basi ni hivi. Mzani wa pale una paa la bati, na karani alikuwa na mbuzi mmoja aliyejifunza kupanda kwenye rundo la matairi na kutoka hapo hadi juu. Kila lori likipimwa, yeye anasimama pale juu anatazama chini kama ofisa. Karani akimshusha anarudi. Madereva wakaanza kumpigia saluti. Ndipo nikakuambia, au nilidhani nimekuambia, kwamba mpweke hivi lazima atatafuta mwenzake.

Kama ulishaijua, nisamehe kwa kurudia.

Baba


Shuleni, 6 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sikuwa nimeujua mwanzo wa mbuzi. Asante kwa kuuandika. Nimeusoma mara nyingi, na rafiki yangu wa kitanda cha juu ameukariri.

Nina siri moja, na Shangazi ameniruhusu niitoe. Uliandika kwamba aliyelichagua gari jeupe hajawahi kuwa peke yake njiani. Aliyelichagua ni mimi. Na ulisema kweli, sijawahi. Kila nilipokuwa njiani nilikuwa na wewe.

Nilichagua kwa ajili ya kitanda. Jicho nilidhani litafanya kazi yangu. Sikujua kwamba kazi yangu haikuwahi kuachwa wazi.

Ile insha, kama nilivyokuambia jana nikiwa nafua, mwalimu alinirudisha mbele niisome tena, safari hii mpaka dirishani wasikie. Na kama nilivyokuambia, sauti ilitoka. Ulinishauri nimtazame mtu mmoja tu na kumsimulia yeye. Nikatazama dawati tupu la pale kushoto, maana mwenyewe alikuwa mgonjwa, nikasoma yote hadi mwisho.

Msichana wa karai la pili aliniuliza nilikuwa naongea na nani pale pa kufulia. Nikamwambia, na Baba, yuko njiani. Akatazama huku na huku, kisha akasema nikusalimie.

Basi anakusalimu. Funga mkanda wa ile sweta.

Utingo wako